Uzi: Taa isiyofunguka siichori. Misimamo yangu kama mbunifu wa bidhaa hapa Mwanza

MLETA UZI

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nikijitambulisha kuwa ni mbunifu wa bidhaa, wengi hudhani nachora nguo au natengeneza programu za simu. Kazi yangu ni vitu vya kushikwa kwa mkono: taa, vichanja, makreti ya samaki, vishikio na vifuniko. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu vijana wanaoingia katika fani hii huniuliza sana kuhusu kompyuta na programu za kuchorea, na ni nadra kumpata anayeuliza mbunifu anapaswa kuamini nini. Programu mtu hujifunza kwa miezi michache. Imani yake ndiyo inayoamua kitu gani kitoke humo. Nitaieleza yangu kupitia taa ya kuvulia dagaa, kwa kuwa ndicho kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vingine, na kwa kuwa humu wamo watu wa Kirumba, Igombe, Kayenze na Ukerewe ambao hawatakawia kunisahihisha.

Msimamo mkuu, ambao mengine yote yanatoka humo, ni huu: kitu ambacho aliyekinunua hawezi kukifungua bado hakijawa chake, hata kama risiti anayo mfukoni.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe, dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, katika siku za giza zisizo na mbalamwezi, kwa kuweka taa zinazoelea juu ya maji. Mwanga huvuta vijidudu, dagaa huvifuata vijidudu, na wavu hupitishwa chini yao. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Karabai ina ila nyingi: inakula mafuta usiku kucha, upepo unaisumbua, na tone la mvua likigusa kioo kilichopata moto kioo hupasuka. Hata hivyo ilikuwa na sifa ambayo hatukuithamini mpaka ilipotutoka, nayo ni kwamba kila kiungo chake kiliuzwa peke yake. Kioo kikipasuka ulinunua kioo, kijingozi cha pampu kikilegea ulinunua kijingozi, na mvuvi aliweza kuibomoa na kuiunga gizani kwa kupapasa. Taa za LED zenye betri na paneli ya sola zilipoingia ziliondoa gharama ya mafuta na hatari ya moto, jambo jema lisilo na ubishi. Lakini nyingi zilikuja zikiwa zimezibwa kwa gundi pande zote. Betri hufa. Hilo si kosa la mtu, ndiyo kemia yake. Siku inapokufa, mwenye taa hubaki na boksi ambalo LED zake ni nzima, paneli yake ni nzima, waya zake ni nzima, na haliwaki.

Mara nyingi nimekaa kwenye benchi la fundi nikimtazama akifungua taa ya namna hiyo. Anapasha kisu kwenye jiko la mkaa, anakipitisha kwenye mshono taratibu, plastiki inayeyuka na kutoa moshi unaokereketa koo, na kifuniko kinatoka kikiwa na meno meno kama kipande cha mkate kilichokatwa kwa uzi. Kubadili betri kunachukua muda mfupi. Kazi ngumu inabaki kwenye kifuniko, ambacho hakikai tena mahali pake, naye anajitahidi kukirudisha kwa gundi ya dukani na kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yakiingia, aliyeiuza taa atasema fundi ndiye aliyeiharibu. Mimi nasema taa hiyo iliharibiwa kwenye karatasi ya mchoro, kabla mashine ya kiwanda haijawashwa.

Hoja inayotolewa kuitetea gundi ni maji, na ni hoja yenye ukweli nusu. Taa ya ziwani inatakiwa kufikia walau kiwango kinachoitwa IP67, yaani izame mita 1 kwa dakika 30 bila kuingiza maji. Lakini tochi za wapiga mbizi huenda chini zaidi ya hapo, na zinafunguliwa kwa mkono kila betri inapobadilishwa. Kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira, iliyobanwa sawasawa pande zote, na oringi hiyo hufanya kazi vizuri ikibanwa kati ya sehemu ya tano na robo ya unene wake. Ikibanwa kidogo inavuja, ikibanwa mno inachoka na kubaki bapa. Kwa hiyo kazi ya mbunifu ni kuchora mfereji wa kina sahihi, kupanga skrubu kwa umbali unaolingana, na kuziweka skrubu zote nje ya mstari wa oringi ili matundu yake yasiwe mlango wa maji. Mahali pa kukazia skrubu panahitaji nati ndogo ya brasi iliyopachikwa ndani ya plastiki, kwa sababu uzi wa skrubu uliochongwa kwenye plastiki tupu huliwa baada ya kufunguliwa na kufungwa mara chache. Skrubu ziwe za saizi moja, za bisibisi ya nyota, ile ambayo kila fundi anayo. Ukiona mbunifu ameweka skrubu zenye kichwa cha ajabu kisichopatikana madukani, ujue hakukusudia kuzuia maji. Alikusudia kukuzuia wewe.

Mjini kwetu kuna eneo zima lililobeba jina la taa, Makoroboi, ambako mafundi wa bati walikuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi. Siisifii koroboi, kwani masizi yake na ajali zake za moto zinajulikana katika kila nyumba iliyowahi kuitumia. Ninachokiangalia ni kwamba aliyeitengeneza na aliyeirekebisha alikuwa mtu yule yule, au jirani yake, na kwa sababu hiyo haikuwahi kuwepo koroboi iliyotupwa kwa kukosa kifaa cha kuifungulia.

Sasa niwageukie wenzangu wa fani. Anayetajwa sana katika mazungumzo yetu ni Dieter Rams, Mjerumani aliyeongoza ubunifu wa kampuni ya Braun kuanzia mwaka 1961 hadi 1995, ambaye wengi wanamjua kwa kanuni zake 10 za ubunifu na kwa redio zake nyeupe zenye mistari michache. Mimi navutiwa zaidi na rafu aliyoichora mwaka 1960 kwa kampuni ya Vitsœ. Rafu hiyo inatengenezwa mpaka leo, na aliyenunua vipande vyake miongo kadhaa iliyopita anaweza kuagiza kipande kipya kikaingia pale pale. Vijana wetu wamechukua weupe na ulaini, rafu wakaiacha. Matokeo yake ni taa laini isiyo na mahali pa kushika, inayokabidhiwa mtu ambaye viganja vyake vina utelezi wa dagaa na maji, amesimama ndani ya mtumbwi unaoyumba. Taa kama hiyo hupendeza sana kwenye picha.

Kwa haki, weupe una sababu moja nzuri ambayo wenyewe hawaitaji. Mchana taa huanikwa ufukweni ili ichajiwe, na boksi jeusi juani hupika betri iliyomo. Kwa hiyo taa yangu ni nyeupe juu, ina mkanda wa rangi ya chungwa kiunoni ili ionekane ikikatika na kuelea mbali, na kishikio chake ni kamba ya nailoni ya wavuvi wenyewe, siyo ya plastiki. Uso wa LED unaangalia chini. Karabai ilimwaga mwanga pande zote, ikiwemo machoni mwa wavuvi na kwenye mawingu; LED hurusha mwanga mbele yake tu, na ni upotevu kuisimamisha kana kwamba bado tuna karabai.

Msimamo wa pili ni kwamba mahali ndipo panapoamua umbo. Mwaka 1991 Waafrika Kusini wawili walibuni Hippo Roller, pipa la lita 90 linalosukumwa ardhini kama gurudumu badala ya kubebwa kichwani. Ni wazo zuri mno kwenye nchi tambarare. Lipeleke kwenye vilima vya Mabatini, Igogo au Bugando, ambako nyumba zimepandiana juu ya majabali na njia ni ngazi zilizochongwa kati ya mawe, halafu umwombe mtu alisukume. Wala si kasoro ya pipa. Halikuchorwa kwa ajili ya Mwanza. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema amebuni kitu kwa ajili ya Afrika nzima, huwa namuuliza ni mtaa gani.

Kichanja cha kuanikia dagaa kinaonyesha jambo hili kwa udogo zaidi. Dagaa wakianikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi anauona kwa kuwasugua kiganjani. Wakianikwa kwenye kichanja hewa hupita juu na chini, hukauka mapema, na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni upana. Anayewageuza dagaa mara nyingi ni mama, anasimama upande mmoja, na mkono wake hufika kwa raha kama sentimita 70 hivi. Kichanja kinachofikiwa pande zote mbili kinaweza kuwa na upana wa mita 1 na sentimita 40. Kilichoegemezwa ukutani kiwe nusu yake. Nimeona vichanja vya mita 2 vilivyojengwa kwa nia njema kabisa, na katikati yake pana mstari wa dagaa waliooza kwa sababu hakuna mkono unaofika huko mvua za masika zinapokazana. Urefu kutoka ardhini nao uamuliwe na kiuno cha anayegeuza. Wino na rula vinakuja baadaye.

Jambo jingine ambalo shuleni hulikuti: anayenunua taa siye anayeitumia. Tajiri wa mtumbwi hununua, wavuvi wake ndio wanaolala nayo ziwani. Tajiri anaangalia bei na ukubwa wa boksi. Mvuvi anaangalia uzito, kamba na kama swichi inakubali kidole kilicholowa. Ukimsikiliza mmoja tu umechora nusu ya kitu. Na ukitaka kumsikiliza mvuvi wa dagaa usimfuate asubuhi katika siku za giza, kwani amekesha na ana haki ya kulala. Msubiri mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu. Hapo atakupa saa nzima, na atakwambia mambo ambayo fomu ya maswali haina kisanduku chake.

Mwisho wa sehemu hii, uzuri. Katika miaka ya 1960 mbunifu Victor Papanek, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, alishiriki kutengeneza redio ya kopo iliyotumia joto la nta inayowaka badala ya betri. Wabunifu wenzake wa Ujerumani waliilaumu kwa kukosa sura. Yeye aliiacha tupu kwa makusudi, kwa kuwa hakuona ana haki gani ya kuwachagulia watu wengine ladha, na kule Indonesia watumiaji waliipamba wenyewe kwa karatasi za rangi, vioo na makombe. Anayeishi kandokando ya ziwa letu hahitaji kuelezwa hili. Tazama mitumbwi inavyopakwa rangi na kuandikwa majina na dua. Kwenye taa yangu nimeacha bapa moja tupu ubavuni, bila nembo, ili mwenye taa aandike anachotaka. Kuna aliyenishauri niweke hapo jina langu, nimekataa.

Karibuni kwa hoja.

MCHANGIAJI, FUNDI WA VIFAA VYA UMEME, IGOMA

Mleta uzi, heshima yako. Kisu cha moto umekieleza kama ulivyokiona, sina la kuongeza. Ila umezungumzia kifuniko sana na waya hukuugusa. Katika taa zinazoletwa kwangu, zenye gundi kwa zenye skrubu, ugonjwa mkubwa uko pale waya wa paneli unapoingia kwenye boksi. Pale wamejaza gundi, waya umekuwa mgumu kama msumari, na watu wanabeba taa kwa kushika waya. Unakatikia ndani, mahali nisipofika kwa koleo wala kwa risasi ya kulehemu. Ukichora kifuniko kizuri ukaacha hapo vile vile, hujanisaidia kitu.

MLETA UZI

Mkuu, nashukuru, na umegusa mahali penyewe. Waya wangu unaingia kupitia kibanio chenye nati na mpira, kile kile ambacho mafundi wa umeme wa majumbani hutumia kwenye maboksi ya nje. Ukilegeza nati, waya unatoka wote, unaukata ulipochoka, unaurudisha. Ndani nimeacha waya wa ziada, urefu wa kiganja, ili ukikatwa mara moja au mbili bado ufike kwenye kiunganishi chake, ambacho ni cha skrubu na hakihitaji kulehemu. Kuhusu kubeba taa kwa waya, sidhani kama kuwakataza watu kutasaidia. Mtu hushika kinachoshikika. Kamba ya kishikio inatakiwa iwe karibu na mkono kuliko waya, kwa hiyo kamba nimeiweka juu na waya nimeutoa chini, upande wa nyuma.

MCHANGIAJI, MFANYABIASHARA WA DAGAA, KIRUMBA

Kijana, nimekusoma mpaka mwisho na sina ugomvi na busara zako. Swali langu ni la fedha. Mimi ni mama mwenye mitumbwi, sinunui taa moja, nanunua za mtumbwi mzima. Hizo oringi, brasi na vibanio vyako vinaongeza bei, na taa ya gundi iko pale dukani kwa bei ndogo. Tofauti hiyo unamtwisha nani? Halafu usisahau kwamba wenzangu wengi wameziacha hizo taa zote, wanafunga LED kwenye betri ya pikipiki na maisha yanaendelea.

MLETA UZI

Shikamoo mama, na ahsante kwa kusema wazi. Ni kweli taa inayofunguka ni ghali zaidi siku ya kununua, na sitajificha nyuma ya maneno. Hesabu yangu inaanzia siku betri inapokufa: kwa taa ya gundi unanunua taa nyingine, kwa yangu unanunua betri tu, ukiwa umebaki na boksi, LED na paneli. Mwenye mitumbwi anayebadili taa nyingi kwa pamoja ndiye atakayeiona tofauti hiyo mapema zaidi. Kwa mvuvi mwenye taa moja na mfuko mtupu hesabu hiyo haina maana ikiwa hana fedha ya siku ya kwanza, na hapo nakubali kuwa mchoro peke yake hautoshi. Panahitajika namna ya kulipa kidogo kidogo, jambo ambalo liko nje ya meza yangu.

Kuhusu betri ya pikipiki, waliofanya hivyo nawaheshimu, kwani walichagua kitu kinachopatikana kila kona. Udhaifu wake ni uzito, asidi ikipinduka, na ukweli kwamba betri ya risasi haipendi kumalizwa chaji kila usiku, huchakaa haraka. Nimechagua seli za lithiamu aina ya chuma na fosfeti, za saizi ya 32650, yaani kipenyo milimita 32 na urefu milimita 65. Kwa kawaida huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 1,000 na hustahimili joto kuliko lithiamu ya kwenye simu. Mafundi wanaosoma hapa nawaomba wazingatie jambo moja: seli hizi zikijaa hufikia volti 3.65, wakati seli za kawaida za lithiamu za 18650 hufikia volti 4.2, na hazichangamani wala hazichajiwi kwa chaja moja. Ndiyo sababu chumba cha betri nimekichora kwa kipenyo cha milimita 33. Ukitia seli nyembamba ya 18650 inacheza ndani na haigusi ncha, taa haiwaki. Sikutaka kutegemea karatasi ya maelekezo ambayo italowa siku ya kwanza.

MCHANGIAJI, MVUVI, UKEREWE

Mleta mada, mimi napinga kidogo. Taa inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota inafunguliwa na kila mtu, na mwizi naye ni mtu. Taa tunazianika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, mchana, sisi tumelala. Taa ya gundi mwizi lazima aibebe nzima na ataonekana. Hiyo yako atachomoa betri tu, aondoke nayo mfukoni, na mimi nitaligundua hilo nikiwa katikati ya ziwa usiku.

MLETA UZI

Mkuu, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizotolewa, na jibu nililonalo halijakamilika. Njia rahisi ingekuwa kuweka skrubu za kichwa maalumu, lakini hapo nitakuwa nimemfungia nje mwizi pamoja na fundi wa Igoma aliyeandika hapo juu, na mwizi ndiye atakayeitafuta bisibisi yake kwanza. Kwa sasa kifuniko na boksi vina masikio mawili yanayokutana, yenye tundu la milimita 8, ili mwenye taa apitishe kufuli lake mwenyewe. Anayeanika taa nyingi pamoja anaweza kuzifunga zote kwa mnyororo mmoja ulioshikiliwa na mti wa kichanja, hivyo kuchomoa betri moja kutahitaji kupambana na kundi zima. Masikio hayo yanaongeza plastiki kidogo na pembe mbili ambazo wavu unaweza kunasa, kwa hiyo nimezifanya za mviringo na kuzilaza ubavuni. Kama bado zinanasa nyavu za huko kwenu nitazihamishia chini, karibu na waya. Naomba pia unieleze mnatumia kufuli au mnyororo wa unene gani huko Ukerewe, kwa sababu milimita 8 nimeipima kwa kufuli ndogo za madukani hapa mjini, na tundu ni rahisi kulipanua sasa kabla kalibu ya kumiminia plastiki haijachongwa.